Mwalimu Asiye na wa Kumsahihisha

Miongoni mwa masomo yafundishwayo katika shule zetu za sekondari, yapo ambayo mwalimu wake hakosi mwenzi. Mwalimu wa hesabu, akishindwa na swali, humkuta mwalimu wa fizikia katika chumba kile kile cha walimu. Mwalimu wa Kiingereza ana magazeti, ana redio, na ana wenzake watatu au wanne wa kubishana nao. Mwalimu wa Kiswahili ana nchi nzima ya kumcheka akikosea. Mwalimu wa Kifaransa hana hata mmoja kati ya hawa. Aghalabu yeye ni peke yake shuleni, na mara nyingi huwa peke yake kwa mwendo wa siku nzima. Watu huitazama hali hiyo kama taabu ya upweke, nao humwonea huruma kwayo. Mimi naona kuwa jambo lenyewe ni zito kuliko upweke, kwa sababu linagusa wajibu. Mtu ambaye kosa lake haliwezi kutambuliwa na yeyote aliye karibu naye, je, ana haki ya kufundisha bila ya kujitafutia kwanza mtu wa kumkosoa?

Tumchukulie kijana aliyehitimu chuo kikuu akapangiwa kazi katika wilaya ya Mpwapwa, mji ulio kiasi cha kilometa 120 kutoka Dodoma, chini ya milima. Amesoma vema, ana bidii, na ana cheti cha halali. Kiswahili, lugha aliyokulia, kina irabu tano tu. Kifaransa kina nyingi zaidi, na mojawapo ni ile iandikwayo u, ambayo mtu huitamka kwa kuweka ulimi mahali pa i na midomo mahali pa u. Asiyeizoea huifanya kuwa u yetu ya kawaida, wala hajui kuwa ameibadilisha. Sasa basi, katika Kifaransa neno dessus lina maana ya juu, na neno dessous lina maana ya chini. Rue ni njia, roue ni gurudumu. Kijana huyu akiwa na kasoro hiyo moja tu ya ulimi, atasimama mbele ya wanafunzi arobaini na kuwafundisha kwamba juu na chini ni sauti moja. Nao watamfuata kwa pamoja, kwa sauti kubwa na kwa utiifu.

Nani atamwambia? Wanafunzi hawawezi, maana hawajapata kukisikia Kifaransa kwa kinywa kingine. Mkuu wa shule akipita dirishani husikia darasa lenye nidhamu, akafurahi. Wazazi hawawezi. Mtihani wa maandishi hauna masikio. Mpishi akizidisha chumvi, walaji humwambia kabla hawajanawa. Fundi akikosea mlango, mwenye nyumba huuona haufungi. Lakini katika chumba kile mwalimu wa Kifaransa ni kamusi, ni mwenye lugha, na tena ni hakimu wa kauli yake mwenyewe. Kosa lake halionekani kuwa kosa. Huwa ndiyo kanuni. Na miaka kumi baadaye, mmoja katika wale arobaini, yule aliyependa somo kuliko wenziwe, huenda naye akawa mwalimu.

Ndiyo maana siridhiki na wale wasemao kwamba mwalimu mtarajiwa asaidiwe kupata jamaa wa kazi ili asivunjike moyo. Asivunjike moyo, ndiyo. Walakini moyo wake si kitu pekee kilichomo hatarini. Kuna kweli ya kile anachokifundisha, ambayo si mali yake. Wanafunzi wameikopa kwake kwa imani, bila ya njia ya kuihakiki. Mtu aliyekabidhiwa imani ya namna hiyo amewajibika kujiwekea shahidi.

Yapo majibu mawili ambayo watu huyatoa. La kwanza ni kwamba siku hizi vitabu vipo, kanda zipo, na redio ipo: RFI ya Ufaransa yenyewe hutangaza hata kwa Kiswahili tangu mwaka 2010, na matangazo yake ya Kifaransa husikika na kila mwenye simu. Hayo ni kweli, na kijana asiyeyatumia ni mvivu. Lakini redio husema, haisikii. Zipo programu za simu ambazo husikia pia, na hukuonyesha neno ulilolitamka vibaya, nazo zitumiwe. Hata hivyo hazijapata kusimama mbele ya darasa lenye vitabu sita kwa wanafunzi arobaini, wala hazijui afanyeje mwalimu ambaye Kidato cha Kwanza kimemjia na watoto waliotoka vijiji ambavyo Kiswahili chenyewe hujifunzwa baada ya Kigogo. Swali la namna hiyo hujibiwa na mtu aliyekwisha kulipitia.

Jibu la pili lina sauti ya ujasiri zaidi: kwamba mwalimu bora hujitegemea. Neno hili lina heshima kwetu tangu Mwalimu Nyerere alipotoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, nami silidharau. Lakini asomaye maandiko yale ataona kwamba elimu iliyolaumiwa humo ndiyo ile iliyomfanya kila mtu ajione yeye peke yake, akawa mbali na wenziwe. Kujitegemea kulikokusudiwa ni kwa watu walio pamoja. Na mwandishi wake hakuona aibu kuitengeneza upya kazi yake mbele ya watu: tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar aliirekebisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ikiwa mtu aliyeitwa Mwalimu na taifa zima aliona kuwa kazi iliyokwisha kupigwa chapa yafaa kurudiwa, kijana wa mwaka wa kwanza kazini ana fahari gani ya kulinda?

Lipo pia tatizo la neno. Jambo hili siku hizi huitwa mtandao, na neno hilo limebeba vumbi la njia nyingi. Katika siasa za nchi yetu, hasa kuelekea uchaguzi wa mwaka 2005, mtandao lilikuwa jina la kundi la watu waliosaidiana kufikisha mgombea wao madarakani. Na ndugu yake, kujuana, ni neno ambalo mtu hulisema huku akishusha sauti: fulani kapata kazi kwa kujuana. Kwa hiyo tukimwambia mwanachuo, "Jenga mtandao," asitulaumu akidhani kwamba twamfundisha kutafuta watu wa kumpitishia mlango wa nyuma. Tofauti ipo, nayo si ngumu kuiona. Katika kujuana, aliye nje ya kundi hupoteza: nafasi aliyostahili hupewa mwingine. Katika ushirika wa kazi, aliye nje ndiye mwenye faida kubwa. Mwanafunzi wa Mpwapwa hatajua kamwe kwamba mwalimu wake alipiga simu Jumapili usiku kumwuliza mwenzake wa Iringa namna ya kulieleza jambo fulani. Atakachojua ni kwamba Jumatatu alilielewa. Ushirika wowote wa walimu ambao mwanafunzi hapati kitu kutokana nao, na uitwe kwa jina lake la haki.

Mpwapwa yenyewe ina habari ya kale ifaayo kufikiriwa hapa. Katika karne ya 19 mahali hapa palikuwa kituo mashuhuri cha misafara itokayo pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Palikuwa na maji na chakula, na mbele yake ilikuwapo nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji ya kunywa, na baada ya nyika nchi ya Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo. (Wageni wameandika sana kulalamikia hongo ile, lakini visima na nafaka vilikuwa vya Wagogo, wala sioni kwa nini wangevitoa bure kwa wafanya biashara.) Mwezi wa Mei mwaka 1871, Stanley alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, msafara wake uliungana pale Chunyo, saa chache kutoka Mpwapwa, na misafara ya Sheikh Thani na Sheikh Hamed, wakawa watu wapatao 400. Hawakuwa ndugu, wala shabaha zao hazikuwa moja. Waliungana kwa sababu nyika ilikuwa mbele yao na kila mmoja alijua kuwa peke yake ni mdogo.

Mambo mawili katika habari hiyo yanafaa kuzingatiwa. Waliungana kabla ya nyika. Katikati ya Marenga Mkali hakuna ambaye angesimama kutafuta mwenzi. Kila mtu huko huwaza maji. Mwalimu mpya naye, katika mwaka wake wa kwanza, huwaza nyumba ya kupanga, mshahara usiotoka bado, vipindi thelathini vya wiki, na somo jingine alilopewa juu ya lile lake kwa kuwa mwalimu wake amehama. Kumwambia wakati huo atafute jamaa wa kazi ni kumwambia mtu achimbe kisima akiwa na kiu. Kazi hiyo ni ya miaka ya chuo, wakati ambao wenzake wote wa baadaye wameketi naye katika ukumbi mmoja na hawajatawanyika.

La pili ni kwamba uongozi wa msafara ule mkubwa alipewa Sheikh Hamed, na Stanley aliandika baadaye kwamba uteuzi huo haukuwa wa heri. Wingi haukuwaokoa na kiongozi asiyefaa. Hili nalisema kwa sababu ushirika wa walimu wachanga watupu una hatari yake. Watu kumi wenye kasoro moja ya ulimi wakikutana hawasahihishani, huthibitishana. Kila mmoja humsikia mwenzake akisema vile vile, akarudi nyumbani ameridhika kuwa ndivyo. Hapana budi katika kila kundi awepo mmoja ajuaye zaidi, na wengine wawe wamekubali toka mwanzo kwamba atasema.

Serikali haikulisahau jambo la walimu kusaidiana. Upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao kwa kifupi MEWAKA, ambao huwakutanisha walimu shuleni kwao na katika vituo vya walimu, ili wajadili ufundishaji wao. Ni mpango mwema. Lakini umejengwa juu ya ujirani, na mwalimu wa Kifaransa ujirani wake hauko alipo. Ataketi na mwalimu wa historia na wa jiografia, watazungumza habari za nidhamu na za kupanga somo, na atafaidi. Kisha atarudi darasani na dessous yake ile ile. Kwa mtu huyu jirani ni yule aliyeko Morogoro au Arusha mwenye somo moja naye. Kwa upande mwingine lipo Shirikisho la Kimataifa la Walimu wa Kifaransa, lililoundwa mwaka 1969, ambalo vyama vya walimu wa nchi nyingi ni wanachama wake. Hilo ni paa kubwa. Lakini paa halimfai mtu ambaye bado hana kuta.

Kuta hizo zitafutwe wapi? Hapa naona kwamba mazoea yetu yanatupofusha. Tusemapo Kifaransa, macho yetu huelekea Paris. Twasahau kwamba nchi yetu imepakana na tatu ambazo Kifaransa kina kazi ndani yake: Burundi, Rwanda, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Burundi na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo tangu 2022. Na mwezi wa Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi zake pamoja na Kiingereza. Arusha ilikaa miaka mingi na mahakama ya kimataifa juu ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa 1994 na kufungwa 2015, ambayo Kifaransa kilikuwa lugha yake mojawapo. Reli ya Kati ipitayo Gulwe, kusini kidogo ya Mpwapwa, huishia Kigoma, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo.

Na watu wa Kongo ya mashariki, wa Bukavu, wa Goma, wa Kalemie, wa Lubumbashi, husema Kiswahili. Jambo hili ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Mwalimu wa Kitanzania aonaye haya kumwuliza Mfaransa swali la kitoto kwa Kifaransa cha kubabaisha, aweza kumwuliza mwalimu wa Bukavu swali lile lile kwa Kiswahili, bila haya, na akajibiwa kwa Kiswahili na mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa. Lugha yetu ndiyo daraja la kufikia lugha ile. Sijui watu wangapi duniani wajifunzao lugha ngeni wana bahati ya namna hiyo mpakani mwao.

Wapo watakaosema kwamba Kifaransa cha Kongo si safi. Nawajibu kwa tarakimu. Mfaransa wa Paris, akitaka kusema 70, husema sitini na kumi, soixante-dix. Na 90 kwake ni ishirini mara nne na kumi, quatre-vingt-dix. Mkongo, kama Mbelgiji, husema septante na nonante, neno moja moja. Nani kati yao ana kosa? Hapana mwenye kosa. Na mwalimu asiyejua kwamba njia zote mbili zipo atamkosoa siku moja mtoto mkimbizi aliyesema kweli. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewahifadhi Wakongo tangu 1996, na Warundi baada yao, na humo wamo watu waliokuwa walimu makwao. Tumezoea kuwatazama kama watu wa kupewa tu. Katika jambo hili wao ndio wenye cha kutoa, na atakayewaendea kwa kujifunza awaendee kama mtu amwendeaye mwalimu, pamoja na ujira wake na heshima yake.

Ugumu ulio mkubwa kabisa hauko katika umbali. Uko katika kukubali kukosolewa. Kwetu mwalimu ni mtu mzima kwa kazi yake hata akiwa na miaka ishirini na mitatu; huamkiwa shikamoo na mama aliyemzidi umri kwa sababu amemfundishia mwanawe. Mtu aliyepewa heshima hiyo huogopa kuimwaga. Tena huogopa kwamba udhaifu aliouungama utamfikia mkuu wa shule, au afisa wa elimu, ukaandikwa. Hofu hii si ya kipumbavu, nasi tulio vyuoni tumechangia kuipanda. Kwa miaka mitatu mwanachuo hukosolewa na mtu mmoja tu, mhadhiri, naye ndiye mwenye kalamu ya alama. Anapokwenda mazoezi ya kufundisha, mkaguzi huingia nyuma ya darasa na karatasi yake. Na siku hiyo kijana hufundisha somo alilolikariri, kwa wanafunzi waliokwisha kulisikia. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba anayekusikiliza ni mtu wa kufichwa.

Kwa hiyo twaanze hapo. Anayekosoa na anayetoa alama wasiwe mtu mmoja. Wanachuo wawili wapelekwe mazoezini katika shule zilizo karibu, kila mmoja amsikilize mwenzake mara kwa mara, bila karatasi, bila alama, na bila mhadhiri kuuliza walisemezana nini. Mwanzoni watasifiana tu. Waachwe wasifiane, mpaka wachoke. Kisha mmoja atasema, "Lakini neno lile la pili nilisikia kama lile la kwanza," na hapo ndipo ushirika wao umeanza. Neno la namna hiyo hubaki rahisi kusemwa hata mmoja akiwa Mpwapwa na mwingine Songea, maana lilikwisha kusemwa wakiwa sawa.

Juu ya wazee wa kazi, adabu ni nyingine. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini na kuzoea kosa hawezi kuambiwa na kijana mbele ya watu, na kijana atakayefanya hivyo kwa kisingizio cha kweli amekosa adabu na hakuisaidia kweli. Lakini aweza kuuliza. "Mzee, neno hili nalitatizika, wewe walitamkaje?" ni swali ambalo mara nyingi humfanya anayeulizwa ajisikilize. Na mzee naye ana haki ya kuchoka. Katika kila mkoa wapo walimu wawili au watatu wajulikanao kwa ujuzi, na simu zao hazipumziki. Kisima kimoja hakitoshi kunywesha ng'ombe wa wilaya nzima. Aliyeuliza mwaka wake wa kwanza na akajibiwa, mwaka wa tatu awe anajibu, hata kama ajualo ni dogo. Asingoje kuwa bingwa. Mwenye mwaka mmoja wa kazi ana kitu cha kumwambia atakayeripoti kesho, ambacho bingwa amekwisha kukisahau.

Linabaki jambo la nauli, ambalo maandiko ya elimu hayapendi kulitaja. Simu hupeleka sauti, lakini midomo huonekana vizuri zaidi kwa kukaa ana kwa ana, na irabu ile niliyoieleza ni ya midomo. Shule hununua chaki kila muhula, wala hapana aulizaye kama chaki ni hitaji la kweli la mwalimu au ni starehe yake. Nauli ya mwalimu mmoja, mara moja kwa muhula, kwenda Dodoma na kurudi, akaketi siku nzima na wenzake wa somo lake, iandikwe katika daftari lile lile, mstari ulio chini ya chaki.